Mtoto anayeamka usiku hajadekezwa, mwili wake uko kazini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi na hii haitakuwa fupi, mkiona imezidi kateni mnapotaka ila msiguse pale nnapoeleza habari ya kusimama kitandani, hapo ndo penyewe.

Nimesoma makala ya mwandishi wenu wa ukurasa wa familia aliyesema mtoto akifika miezi sita lazima awe analala usiku kucha bila kuamka, na asipolala basi "wazazi" wamemdekeza, halafu mistari miwili mbele neno wazazi likageuka likawa mama, mama kamzoesha mkono, mama anamkimbilia kila akiguna. Nimeisoma saa kumi alfajiri kwenye simu, mwanga nimeushusha mpaka mwisho, mtoto wa miezi kumi kanilalia kifuani na mkono wangu mmoja umekufa ganzi. Kwa hiyo nikiwa mkali mnisamehe.

Mi si daktari, nimezaa watatu. Yule wa pili alipokuwa mdogo mume wangu alidhani natia chumvi nikisema kaamka mara tano, akachukua daftari akawa anaandika, kaamka saa ngapi, alikuwa anataka nini, karudi kulala saa ngapi. Siku ya nne akaacha kubisha, lakini daftari hakuliacha, na huyu wa tatu naye analo lake. Sasa ukilisoma lile daftari mchana umetulia unakiona kitu ambacho usiku wenyewe hukioni maana usingizi umekujaa machoni. Zile wiki mbaya hazikuja ovyo. Pembeni ya kurasa mume wangu alikuwa anaandika mambo ya mtoto ya siku ile, "leo kajipindua", "leo katambaa mpaka mlangoni", "leo kajivuta kasimama", na kila palipo na maneno ya hivyo pembeni, chini yake idadi ya kuamka imepanda. Hilo tu ndo nnalotaka kumwambia mwandishi wenu: mtoto anaamka kwa sababu mwili wake unajifunza kazi mpya, na kazi yenyewe haisubiri mchana.

Nianze na kichanga. Kichanga hana saa kichwani. Mwili wake bado haujaanza kutoa melatonini kwa mpangilio, ile homoni inayotuambia sisi wakubwa giza limeingia lala, inachukua kama miezi miwili mitatu ndo anaanza kujua usiku ni usiku. Ukimkuta wa wiki tatu kakodoa macho saa nane usiku kama yuko mkutanoni hajakukomoa, kwake hiyo si saa nane. Unachoweza kumsaidia ni mwanga, mchana pazia wazi, usiku taa hafifu na maongezi kidogo, hayo mengine ni kusubiri.

Halafu usingizi wenyewe si kama wetu. Mtu mzima mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90, kichanga ni kama dakika 50 mpaka 60, na karibu nusu ya usingizi wake wote ni ule ambao macho yanachezacheza chini ya kope. Usingizi huo ulitangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, na kinachonichekesha ni kwamba Aserinsky alianza kwa kukaa anawatazama watoto wachanga wakisinzia, kazi ambayo sisi wamama tunaifanya kila siku na hakuna anayetupa hata cheti. Mtoto akiwa kwenye usingizi huo anaguna, anakunja uso, anatabasamu, mdomo unanyonya hewa, mguu unaruka. Yule wa kwanza kila akiguna nilikuwa namnyanyua, kumbe mimi ndo nilikuwa namuamsha! Huyu wa tatu akiguna nahesabu pumzi zangu kumi kwanza, mara nyingi sifiki nane kashatulia.

Na kule kurukaruka kwa vidole nako kuna maana yake. Kuna mtafiti anaitwa Mark Blumberg, wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, kakaa miaka mingi na jambo hili, alianza na vitoto vya panya, na anachosema ni kwamba ubongo unatumia ile mirusho midogo kujua huu mkono ni wangu na kidole hiki kiko hapa. Mi naona kama fundi umeme kwenye nyumba mpya anawasha swichi mojamoja aone inawaka taa ya chumba gani. Yaani mtoto amelala lakini fundi yuko ndani.

Kuna ule mshtuko mwingine mkubwa ambao kila mzazi anaujua na kuuogopa. Umembembeleza nusu saa, kalala fofofo, unamlaza taratibu kama unatega bomu, mgongo unagusa godoro, mikono inafunguka pwaa kama anaanguka kutoka juu ya mti, na kilio juu. Unaitwa mshtuko wa Moro, kwa jina la daktari wa watoto Ernst Moro aliyeueleza mwaka 1918, mwili unaufanya wenyewe mtoto hana habari, na kwa kawaida unapotea akiwa na miezi mitatu mpaka sita hivi. Mi nilikuja kugundua kwamba nikitanguliza makalio, halafu mgongo, kichwa mwisho, na kiganja changu kikabaki juu ya kifua chake kidogo, haamki. Nilikuwa namlaza kichwa kwanza miezi miwili mizima. Watu wengine wanamfunga nguo mwili mzima asishtuke, inasaidia kweli, ila miguu iachiwe nafasi ya kujikunja maana kuibana ikiwa imenyooka kunaweza kuharibu nyonga, na siku unayoona anaanza kutaka kujigeuza hiyo habari ya kumfunga imeisha, siku hiyohiyo, maana akijipindua kifudifudi mikono iko ndani ya nguo hana cha kujiokolea.

Sasa mwezi wa tatu wa nne. Hapa ndo wengi wetu tunachanganyikiwa, maana mtoto alishaanza kulala vizuri ukaanza kujisifu kwa watu, ghafla anaamka kila baada ya saa moja. Kinachotokea ni kwamba usingizi wake unajipanga upya, ule wa kichanga unaondoka unakuja wa hatua hatua kama wetu, na mwisho wa kila mzunguko anapanda juu karibu na kuamka. Mimi na wewe tukifika pale tunageuka upande, tunavuta shuka, asubuhi hatukumbuki. Yeye kugeuka hajui! Shuka hana, na hatakiwi kuwa nalo. Kwa hiyo anaamka kabisa na anamwita anayejua. Watu wanasema mtoto karudi nyuma, mi silipendi hilo neno, hajarudi popote, kavuka hatua ambayo haitarudi tena.

Ndani ya miezi hiyohiyo anaanza kujigeuza. Wa pili wangu alijifunza kutoka chali kwenda kifudifudi, kurudi hajui, ikawa mchana anajipindua anacheka, usiku anajipindua akiwa usingizini, anashtuka pua iko kwenye godoro, analia, unamgeuza, dakika kumi kajipindua tena. Hapa naomba niwe makini maana hii si ya utani. Kila unapomlaza mlaze chali, mchana na usiku, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila blanketi, bila midoli. Uingereza walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka sana baada ya hapo. Akishaweza kujigeuza mwenyewe huku na huku, hapo madaktari wanasema ukimlaza chali akachagua mwenyewe kulalia tumbo unaweza kumuacha, huhitaji kukesha unamgeuza kama chapati. Ila mpaka afike hapo mpe mazoezi mchana. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema mtoto asiyeweza kujisogeza alazwe kifudifudi akiwa macho, ukimtazama, angalau dakika 30 kwa siku kwa vipindi, na asifungwe sehemu moja, iwe kwenye kiti au mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo. Hili la kufungwa lilinichoma maana wa kwanza wangu nilikuwa namuacha kwenye kiti cha kubembea hata masaa matatu nifanye kazi zangu, halafu usiku nashangaa mbona anajinyonganyonga kama samaki. Mwili ulikuwa na deni la mchana unalipia usiku.

Kukua kwenyewe, yaani mifupa na nyama, nako kumo. Fikiria mtu anayezaliwa na sentimita kama 50 na mwaka ukiisha ana kama 75, uzito umekuwa mara tatu. Mimi na wewe tungekua hivyo tungelala kweli? Kuna utafiti wa Michelle Lampl na mwenzake uliotoka 2011, waliwafuatilia watoto 23, wakaona mtoto hakui kidogo kidogo kila siku kama tunavyodhani, anakaa siku kadhaa hajaongezeka kitu halafu anaruka ghafla. Na kabla tu ya kuruka, siku moja au mbili, usingizi unaongezeka, kwa wastani masaa manne na nusu zaidi kwa siku. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka siku ambayo huyu mdogo alilala mchana kutwa mpaka nikamshika paji la uso mara tatu kuona kama ana homa, hana, ananyonya vizuri analala tena, na wiki ileile nguo aliyokuwa anavaa vizuri ikagoma kufunga vifungo vya chini.

Sasa nifike kwenye kitanda.

Huyu mdogo alipoingia mwezi wa tisa alikuwa ameanza kujivuta anasimama, mchana kutwa ni hiyo kazi, kochi, meza, mguu wa baba yake. Usiku mmoja saa nane na robo nasikia kilio, si cha njaa, kile kingine cha kuomba msaada. Naenda namkuta kasimama wima kitandani, kashika ukingo kwa mikono miwili mpaka kucha zimebadilika rangi kwa kubana, macho nusu yamefumba, kichwa kinaanguka mbele kinagonga ukingo anakirudisha, magoti kayakaza kama nguzo. Anasinzia amesimama! Nikamlaza. Sijafika mlangoni kasimama, analia. Nikamlaza. Kasimama. Daftari la usiku ule linasema mara kumi na moja, na mume wangu kaandika pembeni "hii ni nini sasa" bila hata alama ya kuuliza.

Mara ya sita sikumlaza, nikachuchumaa pale chini nikamtazama tu. Akatazama chini. Akakunja goti moja kidogo sana, akaogopa, akalikaza tena, akanitazama mimi, kilio. Yaani mtoto alikuwa anajua kupanda hajui kushuka. Mwili unamwamsha akiwa kwenye usingizi mwepesi, unamwinua kabla hata hajajua yuko wapi, halafu unamuacha juu huko. Na mimi kila nikimlaza nampa mwanzo mpya wa kupanda. Sasa mtu aniambie hapo nimemdekeza wapi? Angekuwa mtu mzima kakwama juu ya ngazi usiku saa nane angeita watu, na tungemwona ana akili.

Kesho yake mchana tukaanza masomo ya kushuka. Nilikuwa namuacha asimame kwenye kochi, naweka kitu anachokipenda chini karibu na mguu wake, halafu nagusa nyuma ya magoti kidogo mpaka yakunjike, anakaa, napiga makofi, anasimama, tunaanza upya. Mara ishirini, thelathini. Baba yake akirudi jioni zamu yake. Siku ya kwanza na ya pili usiku hakuna kilichobadilika, siku ya tatu niliona kama tunajidanganya. Siku ya tano, saa tisa usiku, nikasikia kitanda kinalia, kasimama, nikakaa mkao wa kwenda, mara puu, makalio kwenye godoro. Kimya. Nikasubiri nisikie kilio hakikuja, nikaenda kuchungulia namkuta kalala amejikunja uso umebanwa kwenye ukingo, mkono mmoja bado umeshika nondo ya kitanda.

(Kwa wenzangu ambao bado, teremsheni godoro lile liwe chini kabla mtoto hajaanza kusimama, si baada. Sisi tuliteremsha siku alipochungulia nje kiuno kiko juu ya ukingo na mi roho nusu initoke.)

Baadae ndo nikaanza kutafuta kama hii ni ya kwangu peke yangu, nikakuta kumbe wapo watu wameifanyia kazi. Dina Cohen na Anat Scher wa Chuo Kikuu cha Haifa waliwafuatilia watoto tangu kabla hawajaanza kutambaa mpaka baada, wakakuta mtoto akishaanza kutambaa kuamka usiku kunaongezeka, halafu kunarudi kama zamani ndani ya miezi mitatu hivi. Miezi mitatu ni mingi ukiwa ndani yake, sikatai, ila ukijua ina mwisho unakaa nayo tofauti.

Na hapa mwandishi wenu alipotaja miezi sita kama vile watoto wote wanapanda basi moja ndo pamenishinda kabisa. Shirika la Afya Duniani walifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakatoa matokeo 2006, na ukiangalia unachoka. Kukaa bila kushikiliwa, kuanzia karibu miezi minne mpaka tisa. Kutambaa kwa mikono na magoti, kuanzia mitano mpaka kumi na tatu na nusu. Kutembea mwenyewe, kuanzia minane mpaka kumi na saba na nusu. Wote hao wazima! Na asilimia 4 na kidogo hawakutambaa kwa magoti kabisa. Wa kwanza wangu ni mmoja wa hao, alisota kwa makalio nyumba nzima kama boti halafu siku moja akainuka akaenda, na sasa anakimbia simkamati. Sasa kama miili inatofautiana hivyo kwenye kutambaa, usingizi unaofuata mwili utalinganaje kwa tarehe?

Kuna kitu kingine nataka kusema kuhusu usingizi wa mchana maana wapo wanaoshauri mnyime mchana alale usiku. Nimejaribu kwa wa kwanza. Mtoto aliyechoka kupitiliza halali, anapandwa na wazimu, anakimbizana na kivuli chake saa tatu usiku huku macho mekundu. Na mchana ule una kazi. Sarah Berger wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York na huyuhuyu Scher waliwapa watoto walioanza tu kutembea fumbo la kupita kwenye handaki la kuchezea, inabidi mtoto ainame atambae wakati yeye kashajiona mtembeaji, wengine wakalala mchana baada ya somo, wengine wakacheleweshwa kulala. Waliolala walifanya vizuri zaidi. Yaani akili inapitia somo la mwili mtoto akiwa kalala. Halafu kumbuka anavyofanya kazi akiwa macho, Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walihesabu watoto wa miezi 12 mpaka 19 wakicheza tu, kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja na kuanguka mara 17. Kwa saa moja. Mimi nikianguka mara 17 kwa mwezi nitaandikiwa mapumziko.

Meno nayataja haraka maana yanasingiziwa mengi. Jino la kwanza mara nyingi linatoka kwenye miezi sita hivi, na linasumbua kweli, udenda, kung'atang'ata, hasira, lakini utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2000, wa watoto 125, uliona dalili zinajikusanya kwenye siku kama nane hivi, nne kabla jino halijatokeza, siku yenyewe linapotokeza, na tatu baada. Ukisikia mtu anasema mwanae hajalala mwezi mzima kwa ajili ya jino moja, jino limeonewa. Homa kali nayo si ya meno, kampime. Na zile jeli za kupaka fizi zenye benzokaini tuachane nazo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya tangu 2018 zisitumike kwa watoto chini ya miaka miwili maana zinaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni.

Na hapo ndo penye hofu yangu kubwa Mhariri, ndo maana nimeandika kirefu. Mzazi akishaambiwa kwenye gazeti kwamba mwanae wa miezi sita "ana tatizo la usingizi", usiku wa nne hajalala, anafanya nini? Anatafuta kitu cha kumlalisha. Najua mama, sitamtaja, alikuwa anampa mtoto dawa ya mafua kijiko kimoja kila jioni, mafua yenyewe hana, kwa sababu inamlaza. Tulikaa naye tukaongea, alilia, akasema kila mtu ananiambia mwanangu wewe umemshindwa. Dawa za namna hiyo kwa mtoto mdogo zinaweza kuathiri kupumua na mapigo ya moyo, si za kubahatisha. Wengine wanaanza kumlisha chakula kabla ya wakati wake eti tumbo likijaa atalala. Huyo aliyesimama kitandani tumbo lilikuwa limejaa! Tatizo lilikuwa magoti.

Mwandishi wenu akitaka namba za miezi sita mi ninazo. Marie-Hélène Pennestri na wenzake kule Kanada walichapisha 2018, watoto 388, karibu asilimia 38 wa miezi sita walikuwa hawajafikisha masaa sita ya kulala mfululizo, na zaidi ya nusu hawakufikisha manane. Walipofika mwaka mmoja bado karibu asilimia 28 walikuwa hawafikishi sita. Na walipopima akili na viungo vyao hawakuona tofauti na wale wanaolala. Kwa hiyo aliyeandika "lazima" kwenye makala ile alilitoa wapi? Kinachotakiwa kuangaliwa ni jumla, mtoto wa miezi 4 mpaka 11 masaa 12 mpaka 16 kwa siku nzima, mchana ukiwemo, na hayo anaweza kuyapata kwa vipande vipande akawa mzima kabisa, anayeumia ni sisi.

Sisemi kila kuamka ni kukua. Anayekoroma kila siku au anakata pumzi usingizini, asiyeongezeka uzito, aliyekuwa anaweza kitu kama kukaa halafu akakipoteza, au kichanga chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 na kuendelea, huyo hapelekwi kwenye daftari, anapelekwa hospitali, na huyo wa mwisho usisubiri kukuche.

Lakini kwa wengine wote naomba ukurasa wa familia uandike yale ambayo yangenisaidia mimi miaka tisa iliyopita. Kwamba mchana apewe sakafu ya kutosha, kile anachojifunza akirudie macho yakiwa wazi mpaka akichoke. Kwamba usiku mkigawana zamu na baba hakuna sheria inayovunjika, mume wangu anachukua kuanzia saa tatu mpaka saa nane, mi nachukua kuanzia hapo, na anayelala analala chumba kingine mlango umefungwa. Kwamba akiamka mpe dakika ya kujaribu mwenyewe kabla hujamnyanyua, na ukiona hajaweza mnyanyue bila kujisikia umeshindwa.

Huyu wangu sasa analala, anaamka mara moja au mbili. Ila jana jioni nilikuwa nakunja nguo nikamuona kaachia kochi, mikono hewani, sekunde tatu hivi, akashangaa mwenyewe, akakaa chini puu. Nikamwita mume wangu akaja na daftari.

Mama wa watatu, msomaji wenu